Gunia la Mahindi Kama Mtihani wa Kidato cha Tatu

Upimaji wa utendaji halisi ni ule unaomtaka mwanafunzi afanye kazi ambayo watu huifanya nje ya shule, kwa zana zao na kwa vikwazo vyao, kisha aieleze na kuitetea mbele ya mtu mwenye haja nayo. Kumtoa mwanafunzi kwenye dawati na kumpa jembe hakutoshi kuufanya upimaji uwe halisi. Tofauti iko kwenye swali lenyewe. Mtihani wa kawaida humpa mwanafunzi tatizo lililokwisha kusafishwa: takwimu zote zimo, hakuna ya ziada, na jibu ni moja. Kazi halisi huja na takataka zake. Baadhi ya taarifa hazipo na sharti zitafutwe, nyingine zinapingana, na wakati mwingine uamuzi wa busara ni kukiri kwamba ushahidi uliopo hautoshi.

Wazo hili huambatanishwa mara nyingi na jina la Grant Wiggins, Mmarekani aliyelipigia debe kwenye majarida ya elimu mwaka 1989. Tanzania ililifikia mapema zaidi. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere aliilaumu mitihani kwa kupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa yanapodaiwa, huku uwezo wa kufikiri na moyo wa kufanya kazi na wenzako ukiachwa nje. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuagiza kwamba kazi na maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi yahesabiwe pamoja na mtihani. Baraza la Mitihani lilikuwa changa mno, kwa kuwa sheria iliyoliunda ni ya mwaka 1973. Kuanzia 1976 alama za shuleni na zile za mtihani wa mwisho zikawekwa nusu kwa nusu.

Yaliyofuata yana mafunzo kuliko azimio lenyewe. Shule ziliombwa alama; hazikuombwa kazi. Mwalimu mwenye fomu ya kujaza alitunga majaribio madogo yaliyofanana na mtihani mkubwa, akayasahihisha, akaandika namba. Kwa hiyo mwanafunzi alifanya mtihani uleule mara nyingi zaidi, na hapakuwa na mtu aliyeuliza kama Musoma ndiko kulikoagizwa hivyo. Mwaka 2013, serikali ilipotangaza kwamba maendeleo ya shuleni yatachangia alama 40 katika matokeo ya kidato cha nne, mgawanyo wake ulieleza hali ilivyokuwa: 15 zilitoka kwenye mtihani wa kidato cha pili, 10 kwenye mitihani ya mihula miwili ya kidato cha tatu, 10 kwenye mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na 5 kwenye kazi mradi. Katika alama 40 za upimaji endelevu, 35 zilikuwa mitihani.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, umeurudisha mjadala huu mezani. Sekondari sasa ina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, na somo la biashara limekuwa la lazima kuanzia kidato cha kwanza. Mkondo wa amali una bahati ya kurithi desturi ya ufundi: mtu hupewa cheti cha useremala kwa kutengeneza mlango, na mlango ama unafunga ama haufungi. Mkoa wa Kilimanjaro unaijua desturi hiyo tangu enzi za shule ya Moshi Ufundi. Kazi ngumu iko kwenye mkondo wa jumla, wanakosoma walio wengi, na ambako neno umahiri limeandikwa kwenye mihtasari tangu mabadiliko ya mwaka 2005 bila kupata mtihani unaolistahili.

Kuna anayeweza kudai kwamba masomo ya sayansi tayari yana mtihani wa vitendo. Yanao, na ni jambo jema kwamba haukufutwa. Lakini mtazame mtahiniwa wa kemia siku hiyo. Ana pipeti, bureti, chupa ya asidi na chupa ya besi. Ameelezwa achote kiasi gani, adondoshe mpaka rangi ibadilike, arudie mara tatu, ajaze jedwali ambalo mistari yake imechorwa tayari. Anachopimwa ni utulivu wa mkono na utii wa maelekezo, ambavyo vyote vina thamani. Hajaulizwa kama kipimo hicho kinafaa, wala kwa nini kinahitajika, wala nani anasubiri majibu. Ni vitendo bila uamuzi, na walimu wengi wa kemia wanaweza kuwaandaa wanafunzi wao kwa wiki mbili za mazoezi ya karatasi zilizopita.

Ubunifu wa kazi halisi huanza na swali moja: mwanafunzi aliyeielewa mada hii angeweza kufanya nini ambacho aliyeikariri hawezi? Jibu hilo likishapatikana ndipo mazingira ya shule yanapotazamwa. Walimu wengi huanzia upande wa pili. Huona kuna soko karibu, au bustani, au kiwanda, wakawapeleka wanafunzi huko, kisha wakaomba ripoti ya ziara. Ripoti za ziara huwa nzuri kusoma na hazipimi chochote, kwa sababu mwanafunzi hakuwa na uamuzi wa kufanya.

Holili ni mahali pazuri pa kuonesha jinsi kazi kama hiyo inavyoweza kusukwa. Mji huu mdogo wa wilaya ya Rombo uko mwisho wa barabara inayotoka Himo, upande wa chini na mkavu wa Kilimanjaro, ukitazamana na Taveta ya Kenya. Tangu 2016 una kituo cha pamoja cha mpakani ambamo maofisa wa nchi mbili hutoa huduma chini ya paa moja. Mahindi, maharage, vitunguu na ndizi hupita hapo. Wazazi wa wanafunzi wengi wanalima, wanauza, wanabeba au wanaendesha bodaboda za kubeba vitu hivyo. Aliyekulia Holili anajua bei ya debe kabla hajajua jedwali la kuzidisha, lakini ujuzi huo hauingii darasani isipokuwa kama mfano wa kupitisha dakika mbili.

Kazi inaweza kuandikwa hivi. Mfanyabiashara mdogo ana magunia kumi ya mahindi ya msimu huu na anataka kuyauza Taveta wiki ijayo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu apewe sampuli ya mahindi hayo, apime unyevu wake, akadirie uzito utakaobaki baada ya kukausha, atafute bei na gharama, kisha amwandikie mfanyabiashara ushauri wa ukurasa mmoja: auze sasa, akaushe kwanza, au auze hapahapa. Siku tano baadaye atauelezea ushauri huo kwa mdomo na kujibu maswali.

Tatizo hili ni la kweli. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka punje za mahindi zisizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu ya jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingizwa kwa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ilipoyaruhusu tena siku chache baadaye iliweka masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonesha kwamba kiwango hicho hakijavukwa. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2016, watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo ndio unaotoa sumu. Mwanafunzi wa Holili anayesoma biolojia ya fangasi bila kugusa jambo hili ananyimwa sababu ya kuisoma.

Vifaa ni vichache. Njia ya kwanza ni ya chumvi: punje huwekwa kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi iliyokaushwa vizuri, chupa hufungwa na kutikiswa, kisha huachwa itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi takriban asilimia 15. Njia ya pili ni ya mizani: sampuli hupimwa, hukaushwa kwenye tanuri la maabara mpaka uzito usipungue tena, kisha hupimwa upya. Gramu 50 zikibaki gramu 42, maji yaliyotoka ni gramu 8, na unyevu ni asilimia 16 ya uzito wa awali. Wako watakaogawanya 8 kwa 42 na kupata asilimia 19. Kosa hilo linamweleza mwalimu jambo mahsusi kuhusu uelewa wa asilimia, na ni nadra kuonekana kwenye mtihani ambamo kanuni imeandikwa juu ya swali.

Njia ya chumvi ina hila ndani yake, na hila hiyo ndiyo roho ya kazi nzima. Kipimo hicho kinatofautisha juu na chini ya 15. Soko linataka 13.5. Chumvi iliyobaki kavu, basi, haimaanishi kwamba mahindi yanafaa kuuzwa Taveta. Inamaanisha tu kwamba hayajavuka 15. Aliyekariri ataandika kuwa mahindi ni makavu na safari ianze. Aliyeelewa ataandika kwamba chupa haiwezi kujibu swali la mfanyabiashara, na atatafuta mizani. Atakayekwenda mbali zaidi ataongeza kuwa hata unyevu ukiwa sawa, hakuna kimojawapo kati ya vipimo hivyo viwili kinachoonesha sumukuvu, na kwamba punje zisizo na ukungu unaoonekana kwa macho si dhamana.

Hesabu ya uzito nayo ina mtego wake wa asili, ambao hakuna mwalimu aliyeutega. Magunia kumi ya kilo 100 ni kilo 1,000. Yakiwa na unyevu wa asilimia 16, sehemu kavu ni kilo 840. Yakikaushwa hadi 13.5, kilo hizo 840 zitakuwa asilimia 86.5 ya uzito mpya, na uzito huo ni takriban kilo 971. Kwa hiyo kilo 29 zinapotea. Wengi watatoa 13.5 kwenye 16, wakapata 2.5, wakasema kilo 25 zimepotea. Tofauti ya kilo nne kwa magunia kumi ni ndogo. Kwa lori zima mtu anaisikia mfukoni. Ikiwa gunia limejazwa lumbesa, yaani kupita kipimo chake, hesabu yote inaanza upya, na mwanafunzi aliyeuliza kama gunia lilipimwa kwenye mizani amefikiri kama mfanyabiashara, na pia kama ofisa wa Wakala wa Vipimo.

Upande wa biashara unahitaji bei za pande zote mbili, nauli, ubadilishaji wa shilingi kwa shilingi, na taratibu za mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo wa bidhaa zilizomo kwenye orodha ya pamoja, wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasilia hapohapo mpakani. Wako wanaodhani cheti hicho kinafuta kila kitu kingine, pamoja na ukaguzi wa afya ya mimea. Hakifuti. Swali moja la mdomo kuhusu jambo hilo litamtofautisha aliyeuliza maswali na aliyesoma bango.

Kazi ikishaandikwa hivyo, nusu ya safari bado. Kinachoifanya shughuli iwe upimaji ni hukumu ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia na kufika karibu na palepale. Hapa ndipo mifano mingi ya kigeni ilipojikwaa. Jimbo la Vermont nchini Marekani lilianzisha mikoba ya kazi, yaani mikusanyo ya kazi za mwanafunzi, kwa hisabati na uandishi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Daniel Koretz na wenzake wa taasisi ya RAND walipochunguza alama za mwaka 1992, walikuta walimu wawili wakiupa mkoba mmoja alama zinazoachana mno, kiasi kwamba matokeo hayakufaa kulinganisha shule na shule. Walimu walikuwa na bidii na kazi za wanafunzi zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya nini hasa kinaitwa kizuri.

Vigezo vya alama, kwa sababu hiyo, sharti viandikwe kabla ya kazi kutolewa, na viandikwe kwa maneno yanayoonekana kwenye karatasi ya mwanafunzi. "Ubunifu mzuri" si kigezo, ni pongezi. Chukua kipengele kimoja cha kazi ya Holili, matumizi ya ushahidi. Ngazi ya chini kabisa ni ya anayesema mahindi ni makavu bila kueleza alijuaje. Anayetaja kipimo na namba aliyoipata amepanda. Juu yake yuko anayelinganisha namba hiyo na kiwango cha soko. Wa juu kabisa ni yule anayeeleza pia kile ambacho kipimo chake hakiwezi kuonesha. Ngazi nne zinatosha. Jedwali lenye ngazi kumi linampa mwalimu hisia ya usahihi ambao hana, na kubishana kama karatasi ni saba au nane ni kupoteza jioni.

Vipengele vyenyewe visizidi vinne au vitano, na uzito wake ufuate lengo. Usafi wa maandishi, jalada la rangi na picha zilizobandikwa visipewe alama hata moja. Shule nyingi hutoa alama hizo kwa nia njema, na matokeo yake ni kwamba mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ofisi anaanza mbio akiwa mbele.

Njia rahisi ya kufikia makubaliano ni walimu kuketi pamoja na karatasi halisi. Kila mmoja anasahihisha karatasi zilezile sita bila kuonana na mwenzake, kisha wanalinganisha na kubishana palipo na pengo. Baada ya hapo huchaguliwa karatasi moja ya kuwakilisha kila ngazi, ikaondolewa jina na kuhifadhiwa. Karatasi hizo zina nguvu kuliko maelezo yoyote ya jedwali. Utaratibu wa kukutanisha walimu upo tayari kupitia MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na walimu wa kata mbalimbali wamezoea kusahihisha pamoja mitihani ya majaribio ya wilaya na mkoa. Haihitajiki taasisi mpya. Zinahitajika saa tatu na chai.

Tatizo jingine halionekani kwa macho na ndilo linalosahaulika zaidi. Mwanafunzi anayefanya vizuri kwenye kazi moja halisi anaweza kufanya vibaya kwenye nyingine ya mada hiyohiyo. Utafiti wa Richard Shavelson na wenzake juu ya kazi za vitendo za sayansi ulionesha kwamba chanzo kikubwa cha kuyumba kwa alama kilikuwa kazi yenyewe iliyochaguliwa, zaidi ya msahihishaji. Anayeyajua mahindi huenda hajui maji. Kwa hiyo alama ya kazi moja isitumike kuamua jambo zito juu ya mtoto. Kidato cha tatu na cha nne vinaweza kubeba kazi tatu au nne za namna hii kwa somo, ziwe za sura tofauti: moja ya kupima, moja ya kubuni, moja ya kushauri kwa maandishi.

Mahindi si lazima kwa kila shule. Machame, Kibosho na Marangu kuna mifongo, mifereji ya asili iliyochimbwa na Wachagga kupeleka maji vihambani, na kugawana maji kwa zamu ni fizikia na uraia kwa pamoja. Mwanafunzi apime upana na kina cha mfongo, aache kijiti kielee kwenye urefu wa mita 10, akokotoe lita kwa sekunde. Hapo tena kuna uamuzi: kijiti kiko juu, na maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo jibu linapaswa kupunguzwa kidogo. Anayeishi Moshi mjini, unakofanyika mnada wa kahawa, ana kazi zake. Kinachopaswa kufanana kati ya shule na shule ni vigezo.

Lugha inahitaji uamuzi wa wazi, na hapa sera ya nchi inamweka mbunifu pabaya. Sekondari inafundisha kwa Kiingereza. Mfanyabiashara wa Holili anazungumza Kiswahili, na akiwa nyumbani Kirombo. Ushauri ulioandikwa kwa Kiingereza kwa mtu asiyekisoma umepoteza uhalisi wake wote. Pia unachanganya mambo mawili: mwanafunzi akiandika vibaya, haijulikani kama hakuelewa unyevu au hakupata sentensi. Suluhisho linalofaa ni hesabu na jedwali la vipimo kubaki katika lugha ya somo, na ushauri kwa mteja uandikwe kwa Kiswahili. Anayeona hilo ni kulegeza kamba ajaribu mwenyewe kumweleza mtu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa nini kilo 1,000 zimekuwa 971.

Swali la udanganyifu huulizwa mapema kila mjadala huu unapoanza, na ni la haki. Jirani wa Holili ana uzoefu nalo. Katika mtihani wa KCSE wa Kenya, masomo ya kilimo na kompyuta yamekuwa na karatasi ya tatu ambayo ni mradi, unaofanywa kwa miezi na kupewa alama shuleni. Mradi wa kilimo una ulinzi wa kimaumbile: mboga hukua polepole, na mwalimu hupita kukagua hatua kwa hatua. Mradi wa kompyuta hauna ulinzi huo, na malalamiko kuhusu kazi za kununua yanajulikana. Somo ni kwamba mwanafunzi apewe alama kwa hatua alizoonekana akizifanya. Kazi ya Holili inapimiwa maabara, chini ya macho ya mwalimu. Sampuli za wanafunzi zinatofautiana unyevu, kwa hiyo namba za jirani hazinakiliki. Na mwisho kuna utetezi wa mdomo. Hata anayesaidiwa na programu ya akili mnemba kuandika ushauri atapaswa kueleza mbele ya mwalimu kwa nini alipima mara ya pili.

Utetezi huo unagharimu muda, na ni bora gharama ikasemwa. Darasa la wanafunzi 60, kila mmoja kwa dakika 5, ni saa 5, sawa na vipindi saba na nusu vya dakika 40. Kusahihisha karatasi 60 kwa dakika 12 kila moja ni saa 12 nyingine. Tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yamejaa, na mwalimu wa hisabati mwenye mikondo mitatu hana saa hizo. Kuna njia mbili za kupunguza. Kupima kunaweza kufanywa kwa vikundi vya watu wanne, ilimradi ushauri na utetezi vibaki vya mtu binafsi, kwa kuwa alama ya kikundi humzawadia mzembe na kumwadhibu aliyebeba wenzake. Pia kazi moja inaweza kuhesabiwa katika masomo matatu, biolojia, hisabati na biashara, kila mwalimu akisahihisha sehemu yake. Hapo saa 12 zinagawanyika, na ratiba inapata nafuu ambayo mitihani ya vipindi vya kila somo haiwezi kuileta.

Yako mambo ambayo mbunifu wa kazi za mpakani hapaswi kuyaacha kwa bahati. Wanafunzi wasitumwe kuvuka mpaka wala kuzurura kando yake. Bei za Taveta zinapatikana kwa wafanyabiashara wanaorudi. Maswali juu ya njia za panya yasiwemo kwenye dodoso la mwanafunzi, kwa sababu jibu la kweli linaweza kumtia mzazi wake matatani na jibu la uongo halina faida. Ofisa wa forodha au wa afya ya mimea aalikwe shuleni mara moja, awajibu wote kwa pamoja, badala ya watoto 60 kumpangia foleni dirishani. Uongozi wa soko ujulishwe. Mahindi ya sampuli yanunuliwe na shule. Kuwaomba wanafunzi walete ya nyumbani ni kuwafichua wasio nayo.

Inabaki hoja ya uzito wa alama katika matokeo ya taifa. Uganda, ambayo mtaala wake mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020 na kufanyiwa mtihani wa kwanza 2024, imezipa kazi za shuleni asilimia 20. Kenya, kwa mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini uliofanyika mara ya kwanza 2025, imezipa kazi za shuleni za gredi ya saba na ya nane asilimia 20 pia, nyingine 20 zikitoka kwenye upimaji wa gredi ya sita na 60 kwenye mtihani wenyewe. Tanzania ilikuwa na 50 mwaka 1976 na haikufaidika sana. Namba kubwa bila mfumo wa kulinganisha usahihishaji hualika alama za huruma. Kazi mradi zenye uzito mdogo ambazo karatasi zake zinaweza kuitwa na kukaguliwa na Baraza zina thamani kuliko nusu nzima inayotumwa kama safu ya tarakimu. Asilimia ipande baada ya ukaguzi kuonesha kwamba karatasi ya Holili ikisomwa Mwika au Same inapata alama ileile.

Kalenda inasaidia. Mahindi ya masika huanza kuvunwa Julai katika maeneo haya, wakati muhula wa pili unafunguliwa, na kidato cha tatu hakina mtihani wa taifa mwaka huo. Kazi ikitolewa Agosti, karatasi zinarudi kabla ya Septemba kwisha, zikiwa na maelezo ya mwalimu kwenye kila kipengele na nafasi ya mwanafunzi kuandika upya ushauri wake mara moja. Alama ya pili ndiyo iandikwe. Mwaka unaofuata zao libadilishwe, kwa kuwa majibu ya mwaka wa kwanza yatakuwa yameshasambaa bwenini: maharage yana unyevu wake, bei yake na wateja wake, na jedwali la vigezo linaweza kubaki lilelile.